Kwa nini gari lako ni zito Mbeya

Mkuu, umeuliza kama kuna aliyewahi kushindanisha gari lake la kwanza, na kwa nini lako Dar linachomoka vizuri lakini huku Mbeya linakuwa zito. Mimi nilishindana. Corolla 110, injini ya 5A, gia za mkono, kwenye kipande cha lami kule Uyole ambacho kilikuwa bado hakijafunguliwa. Asubuhi ya Julai, baridi ile unayoijua, vidole vimekufa ganzi kwenye usukani. Tulipima kwa hatua kama mita 400, ile robo maili ya mbio za drag, yaani mbio za kasi za magari mawili kwenye barabara iliyonyooka.

Jamaa alikuja na Starlet yenye turbo. Gia ya kwanza tulikwenda bega kwa bega. Ya pili akaniacha kabisa. Sababu ni hewa, huku juu ni nyepesi na injini inapata kidogo. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Turbo huisukuma hewa ndani, kwa hiyo haiumii sana. Gari lako si bovu, usikimbilie kubadilisha pampu. Mimi harufu ya klachi ya siku ile naisikia mpaka leo, na lile gari nalipenda bado.