Kiwavi kala majani, hela nimezipoteza mwenyewe

Msimu wa kwanza shamba langu la mahindi kuingiliwa na viwavijeshi vamizi, hawa waliotokea mabara ya Amerika wakaonekana Afrika mwaka 2016, nilipata hasara tatu na mdudu alihusika na moja tu. Hizo mbili nilijitakia.

Nilikuja kushtuka majani yashatoboka kama chekeche na moyo wa mhindi umejaa kinyesi kama unga wa mbao. Nikapaniki, nikakopa, nikanunua dawa nikapuliza saa sita mchana jua linawaka. Kumbe kiwavi akishakuwa mkubwa anajichimbia mle ndani anajiziba na kinyesi chake hicho hicho, dawa haimfikii, na hata ukimpata keshakula sehemu kubwa ya alichokuwa anakula maisha yake yote. Wiki ya pili nikarudia dawa ile ile! Yaani dawa mara mbili, kibarua mara mbili na riba juu, na mahindi ndo hayo yameliwa.

Siku hizi mahindi yakiwa bado machanga nazunguka mara mbili kwa wiki, nasimama sehemu tano, kila sehemu nakagua mashina 20 nahesabu yenye dalili mpya. Nikiona rundo la mayai lenye manyoya manyoya chini ya jani naliponda na vidole, rundo moja laweza kuwa na mayai 100 hadi 200 na hiyo haina gharama. Mashina yenye dalili yakiwa matano sita kati ya 100 sigusi bomba, yakifika kama 20 napuliza, jioni, na nabadilisha aina ya dawa sio jina tu kwenye chupa. Halafu kila hela inayotoka naandika kwenye daftari, maana bila hivyo unaweza ukatumia hela nyingi kuokoa mahindi kidogo na usijue.

Hasara ya tatu ndo iliniuma. Kwa kuogopa dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, niliuza karibu yote wakati wa mavuno, bei iko chini kila mtu anauza, miezi michache mbele nikanunua mahindi ya kula kwa bei ya juu, mimi mkulima!

Sasa naweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi anakosa pumzi. Ila yakauke kwelikweli la sivyo yanaota ukungu, na mie napima hivi: mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika kama 15, chumvi ikinata kwenye chupa rudisha juani.