Mheshimiwa wetu ana miswada saba, sheria ziko wapi?

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwandishi mstaafu wa Taarifa Rasmi za Bunge, yaani kumbukumbu za kila neno linalosemwa ukumbini, Nairobi.

SWALI: Mama, pokea salamu zangu. Mbunge wetu hakosi matanga, na kila akipewa kipaza sauti anatukumbusha kwamba amepeleka miswada saba Bungeni. Mimi ni mwalimu niliyestaafu, magazeti nasoma kila siku, na sijaona hata mmoja uliotiwa sahihi na Rais. Anatudanganya, au kuna jambo silielewi? — Msomaji, Kaunti ya Bungoma

JIBU: Mwalimu, huenda hakudanganyi hata kidogo, na hapo ndipo penye ujanja. Kupeleka mswada si kazi ngumu. Kifungu cha 109 cha Katiba kinamruhusu mbunge yeyote, au kamati yoyote, kufanya hivyo. Anamwandikia Spika, anaeleza anataka sheria ya namna gani, kisha mawakili walioajiriwa na Bunge wanamsaidia kuandaa rasimu. Mpaka hapo hajahitaji kuungwa mkono na mwenzake hata mmoja kati ya wabunge 349. Jumamosi inayofuata anaweza kusimama matangani akasema ana mswada, na akawa msema kweli.

Siku nyingine akiwatajia hiyo saba, usimuulize idadi. Muulize kila mmoja umefika wapi: umechapishwa katika Gazeti Rasmi? Umesomwa mara ya pili? Umepita Kamati ya Bunge Zima? Nimekaa miaka mingi na visikizi masikioni nikiandika maneno ya waheshimiwa, na nakuhakikishia miswada mingi ya wabunge binafsi niliyoisikia ikitangazwa kwa mbwembwe sikuisikia tena.

Kikwazo cha kwanza ni pesa. Mswada unaogusa kodi, mikopo ya serikali au matumizi ya fedha za umma unabanwa na kifungu cha 114: hauendelei bila pendekezo la kamati husika, na kamati lazima kwanza izingatie maoni ya Waziri wa Fedha. Sasa fikiria miswada inayopigiwa makofi vijijini. Bodi ya miwa, hazina ya vijana, mamlaka ya hiki na kile. Bodi ina mwenyekiti, mwenyekiti ana marupurupu, na marupurupu hayaokotwi njiani. Mswada wa namna hiyo unaweza kulala kwenye faili hata kabla ya kuchapishwa. Mbunge mzoefu hulijua hilo, kwa hiyo huandika mswada unaokataza, unaoadhibu au unaorekebisha sheria iliyopo, bila kufungua ofisi mpya.

Najua utanikumbusha CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Kweli, hazina ile ilianzishwa kwa sheria ya 2003 iliyotokana na juhudi za mbunge wa Ol Kalou, Muriuki Karue, ikatengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Pesa nyingi, na ikapita. Lakini kila aliyekuwa akipiga kura alijua kiasi fulani kitaenda eneo bunge lake mwenyewe. Ukipata wazo la aina hiyo huhitaji kubembeleza mtu.

Ukiokoka kwenye pesa, kuna muda. Mambo ya serikali ndiyo hutangulia. Shughuli za mbunge mmoja mmoja zimewekewa hasa Jumatano asubuhi, na Jumatano zenyewe ndizo hizo, za kugombaniwa na wote. Asubuhi hiyo ukumbi mara nyingi ni mtupu. Akidi ya Bunge la Taifa, yaani idadi ya chini ili kikao kiendelee, ni wabunge 50 tu, na bado nimesikia kengele ikilia mpaka ikakoma, viti vikabaki vile vile, kikao kikaahirishwa na mwenye mswada amesimama na makaratasi yake mkononi. Bunge likifika mwisho wa muhula wake, miswada ambayo haijakamilika hufa nalo. Mbunge akirudi baada ya uchaguzi, anaanza upya. Kwa hiyo katika ile saba, huenda mingine ni mswada ule ule uliofufuliwa.

Lakini hatua ambayo ningependa wapiga kura waifuatilie zaidi ni ile ambayo hakuna anayeitazama: Kamati ya Bunge Zima. Kusomwa mara ya pili ndiko kwenye hotuba, ndiko mheshimiwa hujipiga video akatutumia kwenye simu. Kamati ya Bunge Zima haina hotuba. Spika anaondoka kitini, siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, inashushwa chini ya meza, na mwenyekiti anaanza kuita vifungu kimoja baada ya kingine kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majina. Kifungu cha tatu. Kuna marekebisho? Wanaokubali waseme ndiyo. Wanaokataa waseme la. Kifungu cha nne. Hapo mtu mmoja akisimama na marekebisho ya maneno mawili, "waziri atatoa" yakawa "waziri anaweza kutoa", na mwenye mswada yuko nje akinywa chai, sheria nzima imetolewa meno na hakuna aliyepaza sauti. Sisi tuliokuwa tukiandika tuliyaona hayo vizuri kwa sababu kazi yetu ilikuwa kunakili kila neno.

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni wa Njoki Ndung'u, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Alikuwa mbunge mteule, hana eneo bunge, katika Bunge ambalo wanawake hawakufika hata 20 kati ya wabunge zaidi ya 220. Ndiye aliyeleta mswada uliokuja kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kabla ya hapo makosa haya yalikuwa yametawanyika katika Kanuni za Adhabu, na hakimu alikuwa na uhuru mkubwa wa kutoa kifungo chepesi. Sheria hii iliweka kiwango cha chini cha adhabu: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, kifungo cha maisha.

Ulipitaje? Kwa kupunguzwa. Suala la mume kumbaka mkewe liliondolewa; wanaume wengi Bungeni hawakutaka hata kulisikia. Kisha kikaingizwa kifungu ambacho kilimtisha mlalamishi mwenyewe: ukidai umedhulumiwa na ionekane umesema uongo, adhabu ambayo ingempata mshtakiwa inakurudia wewe. Hebu fikiria msichana wa kijijini akiambiwa hivyo kwenye kituo cha polisi. Kifungu hicho kilikaa katika sheria kwa miaka kadhaa kabla ya kufutwa. Wapo waliomlaumu Ndung'u kwa kukubali. Mimi simlaumu. Kura hakuwa nazo, na angeng'ang'ania kila mstari angebaki na mswada mzuri usio sheria, kama hiyo saba ya mheshimiwa wako. Mwenye mswada ndiye anayeamua kipi akiachilie na kipi akifie, na anaamua pale pale, mwenyekiti akiwa ameshaita kifungu kinachofuata.

Mbunge wako akikujibu kwamba mmoja kati ya saba umefika hapo na yeye alikuwapo ukumbini, mpe heshima yake. Huo mmoja una uzito kuliko sita iliyobaki.

SWALI: Nina baa ndogo. Askari wakija kabla ya saa kumi na moja jioni hunitajia "sheria ya Mututho". Huyo mheshimiwa si mbunge tena. Sheria yake haikuisha muda wake ulipoisha? Na ni nani anayeweza kuiondoa? — Mama Baa, Nyahururu

JIBU: Pole kwa usumbufu, mama. Jina la Mututho ni la mitaani tu. John Mututho, alipokuwa mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeuleta mswada, lakini Bunge likishapitisha na Rais akitia sahihi, sheria ni ya nchi nzima. Aliyeileta anaweza kushindwa uchaguzi, kustaafu au kufariki, yenyewe ikabaki palepale.

Sheria hiyo ni ya Kudhibiti Vileo, ya 2010. Ndiyo iliyoruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku tu siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Watu wanakumbuka saa tu. Wanasahau kwamba sheria hiyo hiyo ndiyo iliyofuta marufuku ya chang'aa, ili itengenezwe na kuuzwa kwa leseni na kwa kipimo. Kwa upande wako, jambo kubwa ni kwamba Katiba imeweka leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Leseni yako inatoka kaunti, na kaunti ina sheria yake ya vileo. Nenda ofisi ya leseni, omba nakala ya sheria hiyo, tazama saa za aina ya leseni uliyo nayo, kisha ibandike ukutani karibu na leseni yenyewe. Askari anayejua kwamba umesoma huwa na haraka ya kwenda kwingine.

Kuhusu kuiondoa, sheria iliyoletwa na mbunge huondolewa kama nyingine yoyote, na hapa mfano bora ni wa riba za benki, nao utakuhusu kama umewahi kuomba mkopo. Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini, alileta mswada wa kuzuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Benki zilipinga sana. Wananchi walishangilia, na tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi.

Yaliyofuata si ya kushangilia. Benki zilizuiwa kutoza zaidi, lakini hakuna sheria inayoweza kuzilazimisha kumkopesha mtu. Zikaona heri kuikopesha serikali, ambayo hailali na deni la duka, kuliko mwenye kibanda au baa ndogo. Mtu kama wewe aliambiwa riba ni nafuu na mkopo hakuna. Machi 2019 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo havieleweki na vinakiuka Katiba, ikaipa serikali na Bunge miezi 12 kurekebisha. Oktoba mwaka huo Rais yule yule aliyetia sahihi akakataa kuidhinisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi wa kila mwaka, mpaka kikomo cha riba kiondolewe. Kumpinga Rais kunataka theluthi mbili ya Bunge la Taifa, yaani wabunge 233. Hawakutimia. Novemba 2019 kikomo kikaondoka.

Kwa hiyo milango ni mitatu: Bunge lenyewe kwa mswada mwingine, mahakama, au Rais akipata Mswada wa Fedha wa kulipachikia jambo hilo. Huo wa tatu ndio nisioupenda, maana mambo mengi huingizwa humo kwa pamoja na wabunge hawapati nafasi ya kuyachambua moja moja.

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 24, nina wazo la sheria kuhusu wavuvi wadogo. Naanzia wapi bila kuwa mbunge? — Kilifi

JIBU: Kijana wangu, anza na karatasi moja. Si rasimu yenye vifungu 60 uliyonakili mtandaoni; karatasi moja inayosema shida ni ipi, sheria gani iliyopo inaiacha, na neno gani libadilike. Ipeleke kwa mbunge wako, na pia kwa seneta, kwa sababu mambo yanayogusa kaunti hupita Seneti vilevile na maseneta nao huleta miswada, ila ile ya fedha lazima ianzie Bunge la Taifa. Usimpelekee kiongozi asiyewahi kuzungumzia bahari hata siku moja. Soma Taarifa Rasmi kwenye tovuti ya Bunge, tafuta nani amekuwa akiuliza maswali kuhusu uvuvi, hata kama si wa kaunti yako.

Pengine tayari kuna mswada unaohusu jambo hilo. Kamati zikiweka tangazo la kukusanya maoni gazetini, andika maoni yako kwa kutaja namba ya kifungu na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Nimeona marundo ya barua zilizosema tu "tunaunga mkono" au "tunapinga", na karani hana pa kuzitia katika ripoti.

Ukikosa mtu kabisa, kifungu cha 119 cha Katiba kinakupa haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Ombi huandikwa kwa Karani wa Bunge, lenye sahihi zenu. Mseme mmeshakwenda ofisi ipi na mkajibiwa nini, na kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo mlitaje, maana kukosa maelezo hayo ndiko kunakofanya maombi mengi kurudishwa.