Mgeni wa Pittsburgh, anza na bei ya mayai. Siasa zitakuja zenyewe

Mtu akifika hapa Pittsburgh, awe ametoka Mombasa, Bukavu au kambi ya Nyarugusu, maswali ya nyumba na kazi hupata majibu mapema. Swali linalochelewa ni hili: niongee nini na hawa watu? Unafanya kazi ghalani na Mmarekani zamu nzima, mlango wako unatazamana na wake, na mwaka unakatika mmeishia kusalimiana na kulalamikia baridi. Wengi wetu tunaichukua hali hiyo kuwa ndiyo desturi ya nchi. Mimi sikubali. Kwa muda niliokaa hapa nimeona mambo matatu yanayomfungua mfanyakazi mwenzako au jirani yako: bei ya vyakula, siasa na besiboli. Ila yana utaratibu wake, na anayeanza na siasa huwa ameharibu mapema.

Kwetu ni kawaida kumuuliza mtu kijiweni, wewe wa chama gani, mkabishana mpaka kahawa ikapoa, kisha mkaagana vizuri. Hapa usifanye hivyo. Pennsylvania ni jimbo ambalo wagombea urais hulipigania kuliko karibu majimbo yote. Rais wa Marekani hapatikani kwa jumla ya kura za wananchi. Kila jimbo lina kura zake za wajumbe, zote pamoja ni 538, na mshindi anahitaji 270. Pennsylvania sasa ina 19. Mwaka 2016 Donald Trump wa chama cha Republican alilichukua jimbo hili kwa tofauti ya kura kama 44,000 kati ya zaidi ya milioni 6. Mwaka 2020 akalichukua Joe Biden wa chama cha Democrat, mwaka 2024 likarudi kwa Trump. Maana yake ni kwamba kwenye meza moja ya chakula cha mchana kazini wamekaa watu wa pande zote mbili, na wote wamechoka. Msimu wa uchaguzi hapa matangazo ya wagombea hayakatiki kwenye televisheni, karatasi zinajaa kwenye sanduku la barua, na watu wasiojulikana wanagonga milango kuomba kura. Mtu aliyepitia hayo, ukimuuliza alimpigia nani, atahisi wewe nawe umekuja kumpima.

Bei ya vyakula haina uadui huo. Kila mtu anakula, na kila mtu ana bidhaa moja inayomuuma. Mwaka 2022 vyakula vya kupika nyumbani vilipanda kwa wastani wa asilimia 11.4 nchi nzima, na bei nyingi hazikurudi zilikotoka. Zilipunguza kasi ya kupanda, basi. Hili ni muhimu ulielewe, kwa sababu utamsikia mwanasiasa akisema mfumuko wa bei umeshuka, kisha utamsikia jirani yako akisema huo ni uongo, na wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mfumuko ukishuka, bei bado inapanda, ila polepole. Jirani anaangalia risiti yake ya leo na kukumbuka ya mwaka 2019.

Mayai ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Tangu mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege imeingia kwenye mashamba ya kuku wa mayai, na shamba likipatwa, kuku wote huuawa ili ugonjwa usienee. Machi 2025 dazeni moja ilifika wastani wa dola 6.23. Walipokuwa madarakani Democrat, Republican waliwatupia lawama. Walipoingia Republican, lawama zikageuzwa. Baadaye bei ikashuka, na kila upande ukadai sifa. Mimi nikiongea na mtu habari za mayai, naongea habari za kuku na ugonjwa. Namuuliza analipa kiasi gani, ananunua duka gani, na kama bei hiyo imemfanya abadilishe anachopika asubuhi. Hapo mtu hufunguka. Atakuambia habari za mama yake anayeishi kwa pensheni, za mtoto aliyerudi nyumbani kwa sababu kodi ya pango imemshinda, na taratibu, bila wewe kumsukuma, atakuambia anavyoiona serikali. Utajua siasa zake kupitia maisha yake, na hapo hata msipokubaliana utakuwa unamjua ni nani unayebishana naye.

Na wewe pia una cha kumwambia. Wamarekani wengi hawajui jinsi maamuzi ya Washington yanavyogusa sufuria ya mkimbizi. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi wengi kwenye msaada wa chakula wa SNAP mpaka watakapopata kadi ya ukaazi wa kudumu. Msimu wa vuli mwaka huohuo serikali kuu ilifungwa kwa siku 43 kwa sababu ya mvutano wa bajeti, na mwezi Novemba familia nyingi, za Wamarekani wenyewe, zilingoja msaada huo nao haukuingia kwa wakati. Ninawasihi mliopitia hayo msione aibu kuyasimulia. Jirani anaweza kuwa amepiga kura kwa sababu zake, hajawahi kukaa na mtu aliyeguswa na matokeo yake. Msimulie bila kumshitaki. Mwambie ulivyoishi wiki hizo, uliazima nini, ulipunguza nini. Mazungumzo ya namna hiyo nimeyaona yakibadilisha uso wa mtu kuliko mabishano yoyote ya vyama.

Niseme pia machache ya dukani, maana mtu akija kwangu ndiyo ya kwanza ninayomwonyesha. Usisome tarakimu kubwa kwenye rafu; soma ile ndogo iliyo kando, inayotoa bei kwa aunsi au kwa ratili. Ratili ni gramu 454 hivi. Pakiti mbili za mchele zinaweza kufanana kwa ukubwa huku moja ikiwa na mchele pungufu. Unga mweupe wa mahindi utafute pia kwenye maduka ya Walatino, usitegemee duka la Kiafrika peke yake. Samaki na mboga, nenda Strip District, mtaa wa masoko hapa mjini, Jumamosi asubuhi. Pennsylvania haitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vingi vya kupika nyumbani, wala kwenye nguo nyingi, kwa hiyo ukiona kodi kwenye risiti, angalia ni kitu gani kimetozwa.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa uzito wote. Kuongea siasa ni haki yako hata kama hujawa raia. Kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho si haki yako mpaka uapishwe uraia. Tangu sheria ya mwaka 1993, katika majimbo mengi ofisi zinazotoa leseni za udereva huwauliza watu kama wanataka kujiandikisha kupiga kura. Karani anaharakisha, foleni ni ndefu, wewe unaitikia ndiyo kwa kila swali kwa sababu ya heshima. Usiitikie. Ukiulizwa kama wewe ni raia na hujawa raia, jibu ni hapana, na karatasi usiyoielewa usiisaini mpaka mtu akusomee. Mtu aliyejiandikisha au kupiga kura kabla ya uraia anaweza kunyimwa uraia anapouomba, na anaweza hata kufukuzwa nchini. Kama jina lako limeingia kwenye daftari bila wewe kukusudia, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote. Wapo wanaosaidia bure au kwa gharama ndogo. Uliza msikitini, kanisani au kwenye shirika lililokupokea.

Kwa kawaida mwenye kadi ya ukaazi huomba uraia baada ya miaka 5, au 3 kama anaishi na mwenzi raia. Kabla ya hapo unaweza kuhudhuria vikao vya bodi ya shule, na unaweza kupiga simu ofisi ya mwakilishi wako wa Congress, yaani bunge la Marekani, ukaeleza shida yako. Unalipa kodi na unaishi wilayani mwake.

Besiboli nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ninayoipenda zaidi. Wengi wetu tukiiona kwenye televisheni tunabadili chaneli; tunaona wanaume wamesimama uwanjani, mmoja anarusha mpira, mwingine anaukosa. Lakini ni mchezo wa kuongea. Msimu una mechi 162 kwa kila timu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Haina presha ya Simba na Yanga ambapo mechi moja inamnyima mtu usingizi. Watu wanakwenda uwanjani kukaa pamoja, na kati ya mrusho mmoja na mwingine wanasimuliana maisha.

Cha kujua ni kidogo. Timu zinapokezana kupiga kwa awamu 9. Anayepiga anashika gongo, mrushaji wa timu pinzani anajaribu kumfanya aukose mpira. Akikosa mara tatu ametoka. Akipiga vizuri anakimbia kwenye vituo, na akizunguka vyote vinne timu yake inapata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu inahamia upande wa pili. Mengine yote muulize aliyekaa karibu nawe. Mzee wa Pittsburgh akiulizwa habari za Pirates, timu ya besiboli ya mji huu, hachoki. Muulize kama anaipenda saa ya mrushaji, iliyoanza mwaka 2023 na kumpa mrushaji sekunde 15 tu kama hakuna mtu kwenye vituo. Muda wa mechi umepungua kwa zaidi ya dakika 20, na wazee wamegawanyika vikali.

Pirates hawajachukua ubingwa tangu 1979, ingawa wana Paul Skenes, aliyepewa tuzo ya mrushaji bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka 2025. Mashabiki wanamlaumu mwenye timu kwa kutotoa fedha za kusajili. Hapo utasikia kitu kizuri sana: Republican na Democrat kwenye safu moja wakilalamika pamoja kuhusu tajiri asiyewajali na soda iliyopanda bei. Hata wabunge wao wana mechi ya besiboli ya kila mwaka, Republican dhidi ya Democrat, iliyoanza mwaka 1909.

Mgeni mweusi, tena anayeongea lugha nyingine, ana wa kumtaja hapa. Roberto Clemente, naye mweusi aliyeongea Kihispania, alitoka Puerto Rico, akaichezea Pirates na kufikisha mapigo 3,000 kamili. Tarehe 31 Desemba 1972 ndege iliyokuwa ikimpeleka na misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua ilianguka baharini, akafa. Ukuta wa kulia wa PNC Park, uwanja wa Pirates, una urefu wa futi 21 kwa heshima ya namba ya jezi yake. Na Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, akiwa na Pirates hawahawa, akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kwenye ligi kuu, akapiga vizuri katika jaribio lake la kwanza. Waambie pia kuhusu watoto wa Lugazi, Uganda, waliofika mashindano ya dunia ya Little League, yaani besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania hii hii, mwaka 2012. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikanyimwa viza. Wamarekani wengi hawajui kwamba besiboli inachezwa karibu na kwetu, na wakisikia wanataka kujua zaidi.

Usiende uwanjani Aprili, uko kando ya mto na bado kuna baridi kali. Subiri Juni, chagua mechi ya katikati ya wiki, maana tiketi za viti vya juu huwa nafuu, na soma masharti ya uwanja kabla ya kutoka, kwa sababu viwanja vingi vinaruhusu uingie na chakula chako. Siku ya mechi daraja la Clemente hufungwa kwa magari na watu huvuka kwa miguu kutoka mjini. Mwalike huyo jirani wa mlango wa pili. Funga sambusa za kutosha watu wanne, maana walio safu ya mbele wataomba kuonja.