Je, yafaa Mwislamu kuweka akiba katika akaunti isiyotozwa kodi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wetu. Mimi na mume wangu ni wa Mombasa, tunaishi Toronto. Kazini wananihimiza nifungue akaunti ya TFSA, ile ya akiba isiyotozwa kodi, niweke pesa za uzeeni. Mume wangu ana shaka: anasema ina riba, na kwamba kukwepa kodi ni hiana. Je, yafaa? Na zaka yake vipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah, binti yangu.

Nianze na hiana, maana jambo hili ni jepesi. Kodi hukuikwepa. Serikali ya Kanada yenyewe ilianzisha akaunti hizi mwaka 2009 na ikaweka kikomo cha kuweka kwa mwaka, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000. Pesa unazoweka humo zimeshakatwa kodi ya mshahara. Kinachosamehewa ni kodi ya faida. Kutumia nafuu iliyotolewa na sheria si udanganyifu. Wala kuweka akiba si upungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Allah: Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kuwa kuwaacha warithi wake na mali ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiombaomba watu.

Shaka ya mumeo juu ya riba ni ya haki, na inataka ufafanuzi. Akaunti hii ni kama ghala: hukumu yake inafuata kilichowekwa ndani. Benki nyingi, ukifungua bila kuuliza, zitakuwekea akiba ya kawaida au amana ya muda maalumu yenye faida iliyopangwa tangu mwanzo. Hiyo ni riba bayana, na msamaha wa kodi hauibadilishi. Allah anasema: “Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharimisha riba” (Al-Baqara 2:275). Lakini sheria ya huko inakuruhusu kuweka humo pia hisa na mifuko ya uwekezaji. Basi waambie wazi unataka hisa za kampuni zenye biashara ya halali, zisizolemewa na mikopo ya riba, au mfuko unaosimamiwa kwa masharti hayo. Usione haya kuuliza mfuko umenunua nini hasa. Jina la “halali” kwenye tangazo halitoshi. Kama umeshapata riba, itoe kwa wahitaji bila kuihesabu kuwa sadaka yako wala zaka.

Sasa zaka, ambayo wengi wanaisahau kwa sababu pesa hawazioni. TFSA unaweza kuitoa wakati wowote, kwa hiyo ni mali iliyo mikononi mwako. Ikifika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, pamoja na fedha zako nyingine, na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, toa asilimia 2.5 kila mwaka, si siku utakapostaafu. Hisa ulizonunua ili uziuze bei ikipanda, hesabu thamani ya soko. Ulizoshika kwa ajili ya gawio, zaka ni juu ya sehemu yako katika fedha na bidhaa za kampuni. Ukishindwa kuijua, tahadhari ni kutolea thamani yote. Akaunti ya kustaafu ya RRSP wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Ninaloliona mimi: kwa kuwa unaweza kuitoa ingawa utakatwa kodi, hesabu kile ambacho kingekufikia baada ya makato.

Ukitoa pesa kumtumia mzazi Mombasa, usizirudishe mwaka huohuo kama nafasi yako ya kuweka imekwisha. Nafasi hurudi Januari inayofuata, na ziada hutozwa asilimia 1 kila mwezi. Kuipoteza mali hivyo hakufai.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini lina uzito. Huko Ontario, ukimwandika mtu mmoja kuwa mnufaika wa akaunti, akiba humfikia yeye bila kupita katika wasia, na warithi wengine wakakosa mafungu yao waliyogawiwa na Qur'ani. Ama usimwandike mtu, akiba iingie katika mirathi kwa wasia wa Kiislamu ulioandikwa na wakili, ama umwandike mwaminifu atakayeapa mbele ya mashahidi kuigawa kwa sharia ya Kiislamu. Fanyeni hili pamoja, wewe na mumeo, siku mnayofungua akaunti.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.