Kiwanja cha Pangani na miti ya Moshi

SWALI: Shikamoo mama. Marehemu baba alituachia kiwanja Pangani, kando ya bahari. Nilipeleka miche ya mgrevilea na mparachichi kutoka hapa Moshi. Majani yaliungua kingo, miche ikafa yote, ingawa kijana alimwagilia kila jioni. Upande wa chini ardhi ina unga mweupe, na wakati wa bamvua maji ya bahari huingia. Nataka kivuli na bustani. Huko chini nijaze kifusi. Nipande nini?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujakodi lori: kifusi acha. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na pale maji yanapoingia ni mahali pa mikoko. Kama mchu, aina mojawapo ya mkoko, uko jirani, mbegu zitaletwa na maji bure, mradi watu na mbuzi wasipakanyage. Mchu hutolea chumvi kwenye majani; lamba jani utaionja. Ila ukishaota usiukate. Mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Kijana usimlaumu. Chumvi ya udongoni, ndiyo ule unga mweupe, huvuta maji yasiingie mizizini, ndiyo maana mche hufa kwa kiu huku umelowa. Tena umuulize alikuwa akichota wapi; kisima cha ufukweni kionje kwanza.

Sehemu ya juu, mstari wa mbele unaopigwa na upepo panda mvinje, ule mti wa pwani wenye majani membamba kama sindano. Huo nauamini kwa sababu ya Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu na maji ya chumvichumvi chini yake. Alijaribu aina 26, zikapona tatu, mvinje ukiwemo. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni, basi haudai mbolea. Shida ni majani yake: hayaozi upesi, hata Haller alilazimika kuleta majongoo wayatafune. Kwa hiyo maua chini ya mvinje usiyategemee, wala usiupande ukigusa ukuta wa nyumba.

Nyuma ya mivinje weka mkungu wa kivuli (mti wa kungu, si wa ndizi), minazi, na mwarobaini pale pakavu kabisa. Panda masika yakianza, mvua ikisukuma chumvi chini, na uinue tuta. Kisha funika shina kwa nyasi kavu: jua likikausha ardhi wazi, chumvi hupanda tena juu. Udongo wenyewe upeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Muheza, wakupimie kabla hujanunua mche hata mmoja.

Utakutana na mtu wa kukusifia mti wa mathenge kwamba haujali chumvi. Ni kweli haujali, lakini usiupande. Kenya waliutangaza gugu hatari mwaka 2008, baada ya wafugaji wa Baringo kupeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake.