Barua kwa mwanangu aliyeko Hamburg

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga, sote hatujambo. Umeniuliza kuhusu Paul von Lettow-Vorbeck, yule jenerali aliyeongoza jeshi la Wajerumani huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, ambaye kambi ya zamani ya jeshi pale Jenfeld, hapo Hamburg, ilipewa jina lake. Wenzako wa chuo wanasema hakushindwa vitani hata mara moja na kwamba askari wetu, Waafrika waliompigania, walimpenda. Unataka kujua kama ni kweli, maana wamekualika mwende mkaione kambi hiyo.

Mtu mwenyewe alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, baba yake ofisa wa jeshi la Prussia, na akalelewa katika shule za kijeshi za Potsdam na Berlin. Mwaka 1900 alipelekwa vitani China. Mwaka 1904 akawa Namibia, msaidizi wa Jenerali Lothar von Trotha, huyo aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Hapo usipapite haraka. Wanaomsifu huanzia Tanga mwaka 1914, na hayo ya Namibia huyaacha.

Kuhusu Tanga hawakosei. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa kwetu watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Yeye alikuwa na kama 1,000, wengi wao Waafrika. Walipigana mpaka ndani ya mji, na nyuki waliochokozwa na risasi wakawavamia watu vichakani. Waingereza walirudi melini wakaacha mamia ya bunduki na risasi 600,000, naye akazitumia. Kwa ufundi wa vita alikuwa hodari, silifichi hilo.

Lakini muulize mtu: vita ile ilikuwa ya nini? Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani. Lettow alimpinga. Shabaha yake ilikuwa kuwashughulisha Waingereza huku ili wanajeshi wao wasipelekwe Ulaya. Kwa hiyo hakuhitaji kushinda, alihitaji vita isiishe, na ikaendelea miaka minne.

Sasa piga hesabu hii. Reli zilikuwa mbili tu, magari hayakufika porini, na ndorobo waliua wanyama wa mizigo. Kila kitu kilibebwa na watu. Mpagazi hubeba kama kilo 25, na hula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Akibeba chakula, ndani ya mwezi mmoja mzigo wote ameumaliza mwenyewe. Basi jeshi la namna hiyo lingeishije? Kwa kuingia vijijini, kuchukua mtama na ng'ombe, na kuwakamata wanaume wabebe. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi ya wapagazi wao. Upande wao walikufa wapagazi zaidi ya 40,000 waliohesabiwa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Lettow hesabu haikuwekwa.

Ugogo, huko Dodoma, yalipita majeshi yote mawili, yakachukua nafaka, mifugo na vijana wa kulima. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ikadumu mpaka mwaka 1920. Daktari wa jeshi la Lettow mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa.

Hakushindwa? Mwaka 1917, baada ya mapigano makali ya Mahiwa, aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, akiwa na askari zaidi ya 1,100. Wengi walikuwa wamekufa au wametoroka.

Kupendwa, ndiyo, wapo waliompenda. Askari alikuwa mtu wa mshahara na heshima, na waliomfuata hadi mwisho walijivunia hilo. Alipozuru Dar es Salaam mwaka 1953, wazee waliokuwa askari wake walimpokea. Usiwabeze wazee hao. Ila askari hawezi kumsemea mpagazi aliyefungwa kamba shingoni, wala mama aliyenyang'anywa mtama wa mbegu.

Kwao alipokewa Berlin kama shujaa mwaka 1919. Mwaka uliofuata aliunga mkono mapinduzi ya mwanasiasa Wolfgang Kapp dhidi ya serikali halali, yakashindwa, akatolewa jeshini. Baadaye akawa mbunge, na alifariki huko huko Hamburg mwaka 1964. Mwaka huo bunge lao liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Malipo hayo yalikuwa ya askari, si ya wapagazi.

Nenda nao Jenfeld. Utakuta michongo mikubwa ya mwaka 1939, mmoja wa askari na mwingine wa wapagazi. Mkifika kwenye ule wa wapagazi, waeleze habari ya zile kilo 25, na ya Ugogo. Kijerumani chako kinatosha.

Mama yako