Maswali kwa Kocha: Jezi ya Luka niivae au niigawe?

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanza. Nilianza kuishabikia Dallas Mavericks, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, mwaka 2018 walipompata Luka Dončić, na nimekesha nao miaka yote hiyo. Wateja wameshazoea kunikuta na macho mekundu. Siku walipompeleka timu ya Los Angeles Lakers nililia. Sasa, Novemba 2025, meneja mkuu wa Dallas, Nico Harrison, amefukuzwa, na wenzangu wa kijiweni wanasema yameisha, turudi tushangilie. Moyo wangu umegoma. Wenye timu walifikiria nini? Sisi mashabiki tuna uwezo gani juu yao? Na jezi yangu ya bluu, namba 77, niivae au niigawe? Mwanangu wa miaka tisa ananiuliza tunashangilia nani, na sina la kumwambia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa pembeni ya uwanja, wasichana ninaowafundisha wanapasha misuli.

Jumapili ile, tarehe 2 Februari 2025, hapa Dar es Salaam saa mbili asubuhi ilikuwa imepita kidogo na nilikuwa nafunga kamba za viatu niende kanisani. Dallas bado ilikuwa usiku wa Jumamosi. Simu ikaanza kutetemeka na haikunyamaza. Niliposoma habari yenyewe nilidhani akaunti ya mwandishi imedukuliwa, maana akili haikukubali: Luka, Maxi Kleber na Markieff Morris kwenda Los Angeles, Anthony Davis, Max Christie na nafasi moja tu ya raundi ya kwanza ya drafti (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya), tena ya mwaka 2029, kwenda Dallas. Luka, kijana wa miaka 25, aliyeongoza ligi nzima kwa kufunga msimu wa 2023-24, aliyewafikisha fainali Juni 2024. Hakuomba kuondoka. Ibada ya siku hiyo sikumbuki ilihubiri nini.

Walifikiria nini? Harrison alisema anataka ulinzi, kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Ilisemwa pia kwamba hawakuridhika na namna Luka anavyoutunza mwili wake, na kwamba kiangazi cha 2025 angestahili mkataba wa miaka mitano wa takriban dola milioni 345. Mimi ni mtu wa ulinzi. Wasichana wangu huteleza kwa miguu ya ulinzi hadi wananichukia, na mara nyingi nimemkasirikia Luka alipobaki akimlalamikia refa huku wapinzani wameshakimbia kwenda kufunga. Kwa hiyo hoja naielewa. Nisichokubali ni namna ilivyofanyika. Harrison alizungumza na Rob Pelinka wa Lakers kwa siri, wakaanzia kwenye kikombe cha kahawa mwezi Januari, na biashara ikafungwa kabla soko halijajua kwamba kuna kinachouzwa. Anayepeleka ng'ombe mnada wa Pugu husikiliza kwanza bei za wanunuzi wawili watatu. Huyu alikuwa na ng'ombe bora katika zizi zima akaongea na mnunuzi mmoja gizani.

Yaliyofuata unayajua. Davis alicheza mechi yake ya kwanza tarehe 8 Februari, pointi 26 na ribaundi 16, akaumia siku hiyo hiyo. Tarehe 3 Machi nyota mwingine wa Dallas, Kyrie Irving, akachanika mshipa wa goti. Mwezi huo huo, mashabiki bado wana kidonda, klabu ikatangaza kupandisha bei za tiketi za msimu, wastani wa zaidi ya asilimia 8. Hilo la tiketi ndilo lililonichoma kuliko hata la Davis, kwa sababu kuumia ni kudra, ila bei hupangwa na watu waliokaa kikao. Walimaliza wakiwa wameshinda mechi 39 na kupoteza 43, wakatolewa na timu ya Memphis kabla mtoano haujaanza.

Sasa wenye timu. Mark Cuban aliinunua Mavericks mwaka 2000 kwa dola milioni 285, na Desemba 2023 aliiuzia familia za Adelson na Dumont sehemu kubwa ya hisa, timu ikithaminiwa takriban dola bilioni 3.5. Ni familia yenye utajiri wa kasino, na msimamizi wao kwenye timu ni Patrick Dumont, mkwe wa Miriam Adelson. Cuban alibakiza hisa chache akiamini sauti yake kwenye mambo ya uwanjani itabaki. Haikubaki. Watu humlaumu Harrison peke yake. Meneja mkuu hawezi kumtoa mchezaji kama yule bila mwenye mali kukubali, na Dumont alikubali.

Uwezo wetu ni mdogo, nisikudanganye. Hapa kwetu mwanachama wa Simba au Yanga ana kadi, anaingia mkutano mkuu, ananyoosha mkono, na utaratibu uliowekwa ni wanachama asilimia 51, mwekezaji 49. Tunagombana sana kuhusu utaratibu huo, lakini angalau kuna ukumbi wa kugombania. Shabiki wa Dallas hana ukumbi. Ligi yao haina kushuka daraja, na mkataba mpya wa televisheni ulioanza msimu wa 2025-26 ni wa miaka 11 kwa takriban dola bilioni 76, unaogawanywa kwa timu zote 30. Viti vikiwa vitupu, fedha hiyo bado inaingia.

Hata hivyo wale watu walipiga kelele, na nawaheshimu. Walipeleka jeneza nje ya American Airlines Center, ukumbi wa Mavericks, kwenye sanamu ya Dirk Nowitzki, aliyecheza misimu 21 pale pale na kuwapa ubingwa wa 2011. Kwenye sanamu hiyo kumeandikwa kwamba uaminifu haufifii kamwe. Ndani ya ukumbi waliimba Harrison afukuzwe, baadhi yao wakatolewa nje, mmoja kwa kutamka tu maneno hayo kamera ilipommulika. Tarehe 9 Aprili Luka alirudi na Lakers, akatazama video ya kumuaga huku machozi yanamtoka, akafunga pointi 45 na watu wa Dallas wakamshangilia kila kikapu. Harrison aliondolewa tarehe 11 Novemba, timu ikiwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 8. Kwa maoni yangu wangeshinda 8 na kupoteza 3, angekuwepo hadi leo, nyimbo ziimbwe zisiimbwe. Na Cooper Flagg, chipukizi wao mpya, walimpata kwa nafasi ya asilimia 1.8 kwenye bahati nasibu ya drafti. Kijana nampenda, namtazama, ila asitumike kuwasafisha waliomtoa Luka.

Kijiweni wakikwambia yameisha, waambie unajua kinachokuuma. Mimi nilichezea timu ya shirika moja hapa mjini miaka ya tisini. Tulikuwa wa pili mkoani. Asubuhi moja tukakuta barua ya mistari minne ubaoni, karibu na lango: timu imevunjwa, vifaa virudishwe stoo ifikapo Ijumaa. Hakuna aliyetuita. Nahodha wetu alirudisha mipira sita na filimbi, akasainishwa. Sijamsamehe aliyeandika ile barua, na timu ile bado naipenda. Yote mawili ninayo, yanakaa pamoja vizuri tu.

Kwa hiyo mwambie mwanao mnamshangilia Luka, na Dallas mnaidai. Akitaka kumpenda Flagg, mwache ampende, ni zamu yake. Jezi usiigawe, 77 ndiyo namba anayovaa Luka hadi sasa, na ile bluu uliinunua kwa jasho lako, Dumont hana hisa humo. Yangu, namba 9, sikuirudisha stoo ile Ijumaa. Naivaa mazoezini kila Jumamosi, na wasichana wamezoea kuniuliza ni ya timu gani.